Maiti Walionyimwa Baridi

Uvundo ulianza langoni. Inspekta Zuleikha alikuwa ndio kwanza ashuke garini, hata mlango wa mochari hajaukaribia, na tayari chai ya asubuhi ilikuwa inataka kurudi ilikotoka. Mlinzi alimfungulia huku amejiziba pua kwa leso, akasalimu kwa kutikisa kichwa tu. Hakulaumiwa. Nani afungue mdomo mahali kama pale? Tangu jana mashine za baridi zilikuwa zikinguruma tena, madirisha yote wazi, sakafu imemwagiwa dawa hadi inateleza, na bado harufu ilikaa palepale, imeng'ang'ania kuta. Binadamu si samaki, ukimwozesha haondoki kwa ndimu.

Mochari yenyewe iliitwa Pumziko Jema. Zuleikha alilisoma jina lile juu ya lango, akasonya.

Jumamosi walikuwemo humo watu wanne, wamelazwa kwa heshima zao, wakisubiri jamaa zao wawasafirishe bara. Jumatatu asubuhi mlango ulipofunguliwa, mashine zilikuwa kimya, chumba kina joto la jikoni, na wale wanne hawakuwa watu wa kutazamwa na mama zao. Mmoja wao ndiye aliyemleta mpelelezi. Aliitwa Erastus, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyefia ndani ya tangi la kiwanda cha sabuni hapo hapo Changamwe. Kiwanda kilisema alilewa kazini, akateleza, akajigonga. Mkewe, Mueni, alisema mume wake hakuwahi kuonja pombe tangu aokoke, na kwamba tangi lile lilikuwa na gesi na mafundi waliingizwa bila barakoa. Daktari wa serikali alikuwa aje Jumatatu apime damu, neno la mmoja lisimame na la mwingine lianguke.

Alikuja kweli. Alifunua shuka, akafunika.

"Inspekta, damu hii sitaiamini tena," alimwambia Zuleikha. "Gesi za kuoza zimefunika gesi nyingine yoyote. Na kuna baya zaidi. Mwili ukioza hujitengenezea pombe wenyewe. Nikimpima leo nitamkuta mlevi, hata kama maisha yake yote alikunywa maji ya mfereji."

Zuleikha alimtaka ayarudie maneno yale, na daktari alipoyarudia, karaha ilimpanda Zuleikha hadi masikioni. Yaani mtu afe kazini, kisha aozeshwe, kisha uozo wake ndio usimame kortini umtukane! Huo haukuwa uzembe wa kawaida. Uzembe hauna akili kiasi hicho.

Lakini mtu alikuwa amekwisha kamatwa, tena kwa maneno yake mwenyewe. Alishuka garini sasa nyuma ya Inspekta, mikono ndani ya pingu: Mzee Mwidani, mtu wa Likoni, mhudumu wa mochari tangu siku ilipofunguliwa. Zuleikha alimfungua pingu zile akazitia mfukoni.

"Mzee wangu, nataka unionyeshe ulichofanya Jumamosi. Kila kitu, kama ulivyokifanya."

"Mwanangu, cha kuonyesha ni nini? Mie nimesahau. Andika nimesahau, nikahukumiwe, yaishe."

"Nionyeshe huko kusahau."

Alimpeleka ofisini, chumba kidogo kinachopakana na chumba cha baridi. Juu ya meza palikuwa na kiwambo cha kompyuta, na kando yake kisanduku cheusi kisichozidi kopo la maziwa ya unga. Hicho ndicho kilichoamuru baridi. Mzee alieleza polepole, kwa ile aibu ya mtu anayejiona muuaji. Jamaa wakija kuchukua mtu wao, husimama hapo mlangoni wakaomba na kuimba, na mashine zile hunguruma hata mchungaji hasikiki. Jambo hilo lilimkera tangu zamani. Yeye ni Muislamu, sala zile si zake, lakini haikumwingia akilini kwamba mama wa watu aagwe katikati ya kelele kama za kinu cha kusaga. Kwa hivyo akamwomba fundi wa kompyuta amfundishe kuinyamazisha. Akafundishwa maneno mawili: la kusimamisha, na la kuanzisha. Wakija jamaa, anaandika la kwanza. Wakisema amina ya mwisho, anaandika la pili.

"Na Jumamosi?"

"Wamekuja watu wa Bombolulu kumchukua mama yao. Nikasimamisha. Wakaomba, wakalia, wakaondoka naye."

"Ukaanzisha?"

Mzee alikitazama kibodi kana kwamba kitamjibu. "Wallahi nimejiuliza usiku kucha. Nauona mkono wangu ukiandika. Lakini mkono huo huo nimeuona Jumamosi ngapi? Sijui ninayoiona ni ipi. Ndipo nikasema, basi, ni mimi."

Hapo mlango ulisukumwa, akaingia mwenye mochari, Abdulghani, kanzu imepigwa pasi, leso yake imefukizwa udi hadi inatoa machozi. Udi juu ya uvundo! Zuleikha alitamani kumwambia achague kimoja.

"Inspekta, mzee ashakiri, ashajuta, sasa mwatafuta nini tena? Nina familia nne zataka kunila nyama. Mpelekeni kortini watu wajue mwenye kosa ni nani."

"Miaka yote hii amekufanyia kazi, na hata shikamoo hukumpa."

Abdulghani alimgeukia mzee. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alijibu Mwidani, bila kuinua macho.

"Sasa nikuulize wewe," Zuleikha aliendelea. "Mlinzi amesema uliingia ofisi hii Jumamosi alasiri, mzee akiwa ameshaondoka. Peke yako. Ulifuata nini?"

"Niliswali! Niko njiani, wakati umeingia, nifanyeje? Mswala ule pale."

"Na mashine zilikuwa zikinguruma au zimenyamaza?"

Abdulghani aliutazama mswala, akafikiri. "Zilinguruma. Hata rakaa zilinichanganya, nikarudia."

"Una hakika? Usinijibu kwa kunifurahisha."

"Mtu husahau kuwasha mashine, bibi. Hasahau aliporudia swala."

Zuleikha alimkodolea. Jibu lile lilimtoa mzee kwenye lawama kwa kiasi fulani, lakini lilikuwa neno la mtu mmoja tu, na tena mtu ambaye yeye mwenyewe angeweza kuzizima mashine. Tangu jana alikuwa akimnusa huyu bwana. Jirani na kiwanda, rafiki wa wakubwa wake, hasira nyingi kuliko huzuni. Akamsogezea kibodi.

"Hebu izime."

"Nini?"

"Baridi. Izime kwa kompyuta hii."

Abdulghani aligusa kiwambo kwa kidole, akakisugua kama anayefuta vumbi, akangoja. Hakikutokea kitu. Akajaribu tena, kwa nguvu zaidi, hadi meza ikatikisika. "Hii... si ndiyo yenyewe?" aliuliza.

"Kaa," alisema Zuleikha, na akamwondoa akilini kama mshukiwa.

Fundi wa kompyuta aliitwa Brandon, na alichelewa. Alitoka Bamburi alikopanga, akasimama uani mbali na mlango, viatu vyake vyeupe pe, akaomba mahojiano yafanyikie garini. Zuleikha alimwita ndani kwa kidole. Kijana aliingia ameziba pua na mdomo kwa kiganja, macho yakitafuta dirisha.

"Madam, hii story ni simple. Mzee alizima, akasahau. Ni makosa ya binadamu tu."

"Mimi si mtu wa kompyuta. Nieleze kama unavyomweleza shangazi yako."

Hilo lilimpendeza. Wapo watu ukiwaomba wakufundishe hupumbaa kwa raha. Aliketi, hata kiganja kikashuka kidogo. "Sasa, ndani ya hii box kuna programu nyingi zinafanya kazi bila wewe kuziona. Hazina picha, hazina dirisha. Ni kama watumishi wa jikoni, wewe unaona chakula tu. Moja ya hizo inaitwa baridi. Inapima joto mle ndani, inawasha mashine, inapumzisha, inawasha. Masaa yote. Ukiisimamisha, mashine nazo zinasimama."

"Na stima ikipotea? Hapa Changamwe stima ni mgeni, huja na kuondoka."

"Hiyo nilifikiria mapema," alisema Brandon, kifua mbele. "Stima ikirudi, box inajiwasha. Ikijiwasha, inaamsha watumishi wote yenyewe. Hakuna mtu anahitajika hata kuamka kitandani."

"Kazi nzuri. Na nani anaweza kuibadilisha hiyo? Kuiambia, kwa mfano, stima ikirudi usiamke?"

"Hapo lazima uwe na paswadi kubwa. Mzee nilimpa maneno mawili peke yake, kusimamisha na kuanzisha. Akijaribu la tatu anakataliwa. Singeweza kumwachia, angeniharibia."

"Bwana Abdulghani anayo hiyo paswadi?"

"Huyu?" Brandon alicheka puani. "Hapana. Ni mimi tu."

"Wewe tu."

"Mimi tu. Hata nikiwa Bamburi naingia kwa simu, narekebisha, namaliza. Sihitaji kuja huku." Na alipotaja huku, uso ulimkunjamana.

Zuleikha alitikisa kichwa kama aliyeridhika. Jana jioni alikuwa amezungumza na Njeri, afisa wa upelelezi wa kompyuta, naye Njeri alikuwa amekikagua kisanduku kile na kukuta kumbukumbu zote za mwisho wa wiki zimefutwa. Kufuta kulimkera Zuleikha, lakini mtu hafungwi kwa kufuta. Njeri akamweleza jambo jingine dogo, nalo ndilo lililomfanya amlete mzee hapa asubuhi hii.

"Mzee wangu," alisema. "Simamisha."

Mwidani aliandika kwa kidole kimoja. Ukutani, upande wa pili, ngurumo ilishuka, ikapiga kikohozi, ikafa. Kimya kikaingia, na kimya kile kilikuwa kibaya, kwa sababu harufu ilionekana kama iliyosogea hatua moja mbele.

"Sasa usiianzishe. Tuseme umesahau. Watu wa Bombolulu wamekwenda na mama yao, nawe umefunga mlango, waenda zako Likoni."

Alikwenda ukutani, akashika waya wa kisanduku, akauchomoa.

"Madam! Unafanya nini?" Brandon alikuwa ameshasimama.

"Nimeondoa stima. Jumamosi jioni Changamwe nzima ilizimika, nadhani hata wewe umesikia. Mimi nilikuwa nyumbani napiga pasi sare yangu, upande mmoja ukabaki na makunyanzi. Haina betri hii, sivyo?"

"Iliharibika," alijibu Abdulghani haraka. "Nimeshaagiza nyingine."

"Sawa. Kisha stima ikarudi."

Akauchomeka waya. Kiwambo kilikaa cheusi, halafu maandishi meupe yakaanza kukimbia kutoka chini kwenda juu, mstari baada ya mstari. Hakuna aliyegusa kitu. Mzee Mwidani alikuwa ameiweka mikono yake yote miwili juu ya magoti. Maandishi yalisimama. Na pale pale, nyuma ya ukuta, mashine ya kwanza ikakohoa, ya pili ikaitikia, na ngurumo ikajaa chumba.

Zuleikha alimgeukia mzee kwanza. Mengine yangengoja. "Umeona, mzee wangu? Hata kama ulisahau, na mimi siamini kama ulisahau, stima iliporudi Jumamosi usiku baridi ingerudi nayo. Wale watu wasingeoza kwa mkono wako. Haiwezekani."

Mwidani alivua kofia yake, akajifuta nayo machozi, akaivaa tena. Abdulghani alitazama pembeni. Afadhali aone haya, hata kama ni ya kuchelewa.

"Labda ili-hang, ikakwama," alisema Brandon. "Vitu hu-hang, madam."

"Jana asubuhi uliitwa kurekebisha. Ulifanya nini hasa?"

"Niliianzisha tu."

"Basi?"

"Basi. Nikaianzisha, mashine zikawaka, nikaenda."

"Hukugusa kingine chochote?"

"Sikugusa."

"Brandon, nisikilize vizuri, kwa sababu nitayasema mara moja. Jumamosi kisanduku hiki kilizimika, kikawaka, na baridi haikuamka. Leo kimezimika, kimewaka, na baridi imeamka. Kati ya siku hizo mbili kuna mtu aliyegeuza amri. Kwanza aliiamuru isimame na hata stima ikirudi isiamke. Kisha, maiti walipokwisha kuharibika, akairudisha ilivyokuwa ili tuone kosa la mzee. Hiyo haifanywi na maneno mawili ya Mzee Mwidani. Inataka paswadi kubwa. Na paswadi hiyo anayo nani? Umeniambia mwenyewe, mara mbili, tena kwa majivuno."

Kijana alimtazama Abdulghani, akaitazama kompyuta, akatazama dirisha. Kiganja kilirudi puani.

"Ungeisimamisha tu, ukaiacha," Zuleikha alisema, "stima ya Changamwe ingekufanyia hisani, ingewaamshia wale watu baridi yao, na wewe usingekuwa na kesi. Lakini wewe ni hodari. Uliifikiria stima kabla haijapotea. Uhodari wako ndio umekukamata."

"Nataka wakili."

"Ni haki yako. Simama, nikupeleke ukampigie."

Njia ya kwenda lango la gari ilipita mbele ya chumba cha baridi, na mlango wa chumba ulikuwa wazi. Zuleikha hakuupanga mlango ule, lakini hakuharakisha miguu pia. Ndani, Mueni alikuwa akimvisha mume wake. Daktari alikuwa ameuachia mwili, na mwanamke yule mwembamba wa Machakos alikuwa amekataa watu wa mochari wamguse Erastus. Alileta suti ya ndoa. Mkono mmoja ulikuwa umekwisha kuingia, wa pili haukuingia, ulikuwa umevimba mno, na alikuwa akiichana mshono wa kwapa kwa wembe, polepole, asiikwaruze ngozi. Hakuwa na barakoa. Hakuwa na leso. Mzee Mwidani aliwapita wote, akaingia, akaushika ule mkono wa koti upande wa pili, akamsaidia kuvuta.

Brandon alisimama kizingitini kama mtu aliyepigwa. Ilimdhihirikia Zuleikha, na kinyaa kikamshika upya, kwamba kijana huyu hakuwa ameyaona aliyoyafanya. Aliyafanya yote kwa kidole gumba, amekaa Bamburi upepo unampiga, na jana alikuja akaingia ofisini, akaanzisha, akatoka mbio. Kwake yeye baridi lilikuwa jina tu kwenye kiwambo.

Mueni aliinua macho. "Ni huyu?"

Zuleikha alijisogeza kando, akamwacha Brandon peke yake kizingitini. Hilo lilitosha.

Mwanamke aliuweka wembe chini, akaja hadi mlangoni. Alikuwa mfupi, ilimbidi amtazame Brandon kwa kuinua shingo.

"Toa mkono puani."

"Mama, mimi..."

"Toa. Mimi niko naye tangu asubuhi na sijafunika. Huyu alikuwa ananukia sabuni kila jioni, hata Jumapili, mpaka watoto walikuwa wanamcheka. Harufu hii si yake, ni yako. Umeitengeneza wewe. Inuse."

Mkono ulishuka. Brandon alivuta pumzi moja, akatapika pale pale, kwenye viatu vyake vyeupe, akainama, akatapika tena hadi ikabaki mate tu. Hakuna aliyemshika. Mlinzi alitazama, akatema mate upande.

"Sikujua inakuwa hivi," alisema alipopata sauti, na kamasi zinamtoka. "Wallahi... haki ya Mungu sikujua. Waliniambia tu damu isipimike."

"Wakili wako hajafika," Zuleikha alimwonya. "Hulazimiki kusema."

"Nitasema. Ni meneja wa kiwanda. Aliahidi kunipa kazi ya kudumu, ofisi yangu, kila kitu. Alisema damu ikipimwa watafungiwa. Walijua lile tangi lina gesi, kuna fundi alizirai mwezi uliopita wakamficha. Daktari wao ndiye alimwambia kwamba... kwamba mtu akioza anaonekana kama alikunywa."

Hata ngurumo ya mashine haikuyafunika maneno yale. Abdulghani, aliyekuwa amefuata nyuma, aliegemea ukuta akasema, "Lahaula." Zuleikha alitazama sakafu. Amekamata majambazi, amekamata wauaji wenye damu kwenye mikono, na hakuna hata mmoja aliyemtia kichefuchefu kama watu hawa wa maofisini, waliokaa kikao wakapanga namna ya kumwozesha mtu ili maiti yake ishuhudie uongo.

Mueni alikuwa hajaondoka mlangoni.

"Kanisani wamekataa kumzika kama mzee wa kanisa," alisema. "Mchungaji alipata habari kutoka kiwandani. Mtoto wangu mkubwa ameulizwa shuleni kama baba alikuwa mlevi, na yeye akaniuliza mimi. Akaniuliza mimi!" Sauti yake ilipasuka, akaikusanya. "Kwa hivyo sema tena. Si kwa Inspekta. Niambie mimi."

"Hakuwa amelewa," alisema Brandon.

"Ana jina."

Kijana alitazama kitandani kwa mara ya kwanza, koti la ndoa lililochanwa, uso ambao haukuwa na uso tena.

"Erastus hakuwa amelewa."